Tangi Tupu, KH Inashuka

Tone la tano lilipoingia, maji yakageuka manjano.

Nilikuwa nimesimama jikoni usiku, kichupa cha kupimia mkononi, mlango wa uani wazi ili upepo upite. Kwa kipimo kile maji huanza na rangi ya buluu, na kila tone ni digrii moja ya KH, yaani ule uwezo wa maji kuikabili asidi yasibadilike. Yakigeuka kwa tone la saba, KH ni 7. Ndivyo yalivyosoma maji hayohayo siku nilipoyaleta kutoka baharini. Sasa yamegeuka kwa tone la tano.

Nikaosha kichupa, nikapima tena. Tano.

Ingekuwa tangi lina matumbawe nisingeuliza. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti, na kila anayelifuga anajua kwamba KH ndiyo inayoliwa kwanza. Konokono nao wana magamba ya kujenga. Lakini hapa, kwenye tangi nililokuwa naliandaa kwa ajili ya samaki, palikuwa na lita 200 za maji ya chumvi, mawe makavu yaliyoloweshwa, mchanga, na pampu inayozungusha. Hapakuwa na samaki. Hapakuwa na konokono. Hata mwani ulikuwa bado haujaonekana kwenye kioo.

Sasa nani anaila?

Swali hilo halikuniachia kwa wiki nyingi. Nilikuwa nalo njiani kwenda kazini na nilikuwa nalo nikirudi. Wengi niliowauliza walinipa dawa ya kuipandisha, ile iitwayo bafa. Mimi nilitaka kujua inakwenda wapi.

Maji ya bamvua, mawe ya machimbo

Maji niliyachota wakati wa kaskazi, siku za bamvua, bahari imejaa. Sisi wa Mombasa tumezungukwa na maji ya chumvi, lakini si yote yanayofaa kuwekwa ndani ya kioo. Masika yakiingia, hori za Tudor na Kilindini hushusha tope pamoja na kila kilichosombwa mitaroni, na uchumvi hupungua. Bamvua ya kaskazi ikijaa, maji ya bahari kuu huvuka mwamba na kuja mpaka ufukweni yakiwa maangavu. Refraktomita ilionyesha 35, gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kama inavyotakiwa.

Mawe hayakutoka baharini. Ni ya machimbo, yaleyale yanayokatwa kujengea nyumba huku pwani: matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Zaidi ya mtu mmoja aliniambia najisumbua. Mzamiaji angeniletea jiwe hai kutoka kwenye mwamba, limejaa viumbe wadogo tayari, na tangi lingekomaa upesi.

Ni kweli lingekomaa upesi. Lakini mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi mno kwenye pwani yetu, na mwamba ule haujapewa nafasi ya kupumzika tangu hapo. Matumbawe magumu yote yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Na hata pasingekuwa na mkataba, sioni haki ya kubomoa makazi yaliyojengwa kwa miaka na miaka ili mimi niokoe wiki chache za kusubiri.

Kwa hiyo nilianza na mawe mafu. Wa kuyafufua alikuwa kikombe kimoja cha mchanga mbichi kutoka kwenye tangi la mzee mmoja wa Mji wa Kale, ambaye amefuga samaki wa baharini tangu mimi sijazaliwa. Nitamwita Mzee tu.

Kulisha wasioonekana

Wafugaji wanaujua mwendo wenyewe: amonia, sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza na taka za samaki, inakuwa nitriti, nitriti inakuwa nitrati, na vijidudu wanaofanya kazi hiyo wanahitaji kitu cha kula kabla samaki hawajaingia. Wengi hutupa kamba mmoja ndani ya maji wakamwacha aoze. Njia hiyo inafanya kazi, ila kamba hapimiki. Hujui ametoa amonia kiasi gani leo, wala kesho atatoa kiasi gani.

Mimi nilitumia kloridi ya amonia kutoka duka la vifaa vya maabara. Gramu moja na robo kwenye lita 200 inakupa amonia ya takriban miligramu 2 kwa lita. Ikiisha, unaweka nyingine. Ukipita miligramu 5 unaweza kuwakwamisha haohao unaotaka kuwalisha, kwa hiyo sikuwa na pupa.

Amonia ilikaa. Kisha ikaanza kushuka, na nitriti ikapanda ikang'ang'ania juu. Hapo ndipo wengi huogopa, na ningependa kuwatoa hofu wenye tangi la chumvi: nitriti inayomuua samaki wa maji baridi haimdhuru hivyo samaki wa baharini, kwa sababu kloridi iliyojaa ndani ya maji ya chumvi huizuia isipite kwa wingi kwenye matamvua. Kinachosumbua zaidi ni kwamba nitriti ikiwa nyingi, vipimo vingi vya nitrati huihesabu nayo kama nitrati na kukupa namba ya kutisha isiyo ya kweli. Subiri nitriti iishe ndipo uiamini nitrati.

Basi mambo yalikwenda kama yanavyoelezwa kila mahali. Isipokuwa hiyo KH.

Bafa, magadi, mchanga

Ndugu yangu aliye Maskati ana tangi kubwa kuliko langu, na matumbawe yanayopendeza. Nilimtumia picha ya kichupa cha manjano.

"Kaka, weka bafa," akanijibu. "Kwani unasubiri nini?"

Namheshimu sana, lakini hali yake si yangu. Maji ya bomba ya Maskati ni maji ya bahari yaliyosafishwa chumvi, yeye huyachuja tena, kisha huchanganya chumvi ya kopo iliyotengenezwa makusudi KH yake iwe juu. Tangi lake limejaa matumbawe yanayokula kila siku. Anapoona KH imeshuka anajua nani kaila, na anajua kesho ataila kiasi gani. Bafa kwake ni chakula cha walaji anaowaona.

Mama jirani alikuwa na dawa ya karibu zaidi. Alinisikia nikieleza kwamba maji yanahitaji kitu cha kupunguza asidi, akaja na kifurushi cha magadi, yale ya kulainishia maharagwe. Kwa kemia hakukosea: magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na yangepandisha KH pamoja na pH, ile namba inayoshuka asidi ikizidi. Lakini magadi ya ziwani hayaji peke yake. Yanajulikana kwa floridi nyingi, na yana mambo mengine nisiyoweza kuyapima jikoni kwangu.

Sababu iliyonizuia hasa, hata hivyo, ilikuwa nyingine.

Amonia ndani ya maji ina sura mbili, na moja tu ndiyo sumu kali. Ni pH inayoamua mgawo. Katika maji ya bahari ya joto letu, pH ikiwa 8.2, sehemu kama 8 kati ya kila 100 za amonia ziko katika sura ile yenye sumu. pH ikiwa 7.2, haifiki hata sehemu moja. Ukipandisha kutoka 8.2 hadi 8.5, sumu inakaribia kuwa maradufu bila amonia kuongezeka hata chembe. Mtu mwenye samaki ndani, aliyeona pH inashuka na amonia bado ipo, akamimina kaboneti kwa huruma, anaweza kuwaua samaki haohao kwa mkono wa huruma. Mimi sikuwa na samaki. Lakini nilijua kwamba mkono ukizoea kumimina kabla ya kujua sababu, utamimina hata siku samaki wakiwamo.

Nikaenda kwa Mzee.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tangi linaendaje?"

Nilimweleza. Akatikisa kichwa taratibu. Tangi lake KH ni 8, tangu na tangu, na hajawahi kuweka bafa maishani. "Mchanga wetu ni tumbawe tupu, mwanangu. Mawe yako ni tumbawe. Maji yakikosa, yatajichukulia humo. Acha bahari ijiendeshe."

Nilirudi nyumbani nimepata matumaini, lakini sikupata jibu. Kama mchanga wa tumbawe unarudisha KH, mbona wangu haurudishi? Ni mchanga wa pwani ileile.

Kwa nini mawe hayayeyuki

Hapa nilikaa muda mrefu, kwa sababu maneno ya Mzee yana mantiki na watu wengi wenye uzoefu huyasema. Mawe ni kalsiamu kaboneti, maji yanahitaji kaboneti, kwa hiyo mawe yatatoa.

Tatizo ni kwamba maji ya juu ya bahari ya kitropiki tayari yamebeba kalsiamu kaboneti kupita kiasi ambacho yangeshika kwa kawaida. Kalsiamu iko karibu miligramu 420 kwa lita, KH karibu 7, pH 8.1 au 8.2. Katika hali hiyo jiwe la tumbawe halina sababu ya kuyeyuka. Kinachotaka kutokea ni kinyume chake, yaani kaboneti kutoka ndani ya maji na kuganda juu ya jiwe. Magnesiamu, ambayo iko karibu miligramu 1,300 kwa lita, ndiyo inayoukawiza mgando huo kwa kuuvuruga kila unapoanza. Hiyo ndiyo sababu magnesiamu ikiwa chini utahangaika na KH na kalsiamu bila mafanikio.

Mawe huanza kuyeyuka pale pH iliyo karibu nayo inaposhuka vya kutosha, tuseme kwenye 7.7 au chini. Chini kabisa ya mchanga mzito, penye hewa kidogo, hilo hutokea kidogokidogo. Kwenye tangi langu jipya lenye mchanga mwembamba na pH ya 8, mawe yalikuwa pambo.

Wazo hilohilo lilinipa shaka mpya. Kama kaboneti inapenda kuganda, huenda ndiko KH yangu ilikokwenda. Huenda mawe makavu, yenye uso mpya, yalikuwa yanaivuta kaboneti na kuigandisha juu yao.

Njia ya kujua ingekuwa kupima kalsiamu, kwa sababu kaboneti haigandi bila kuichukua kalsiamu pamoja nayo. Lakini digrii moja ya KH ikiganda huondoka na miligramu 7 tu za kalsiamu kwa lita. Digrii mbili, miligramu 14. Kipimo changu cha kalsiamu huhesabu kwa hatua za miligramu 20. Hata kama kalsiamu ilikuwa imeibwa, kipimo changu kisingemwona mwizi.

Maji ya kujazia

Nilipokwenda tena Mji wa Kale haikuwa kwa ajili ya kuuliza. Nilikwenda kumsaidia Mzee kusafisha skima, kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu. Tukiwa kazini akaniambia nimpe ile ndoo ya maji pale kisimani ajazie tangi, maana feni ya kulipoza inayapunguza sana siku hizi za joto.

Nikasimama na ndoo.

"Mzee wangu, huwa unajazia maji ya kisima?"

"Miaka yote. Wewe unajazia yapi?"

Mimi najazia maji ya kituo cha mtaani cha kuchuja maji, yale yaliyopita kwenye mtambo unaoondoa karibu kila kitu. Nilikuwa na vichupa vyangu ndani ya mkoba. Nikamwomba ruhusa, nikachukua maji ya kisima, nikaanza kudondosha. Saba, buluu. Kumi, buluu. Mzee akaja akasimama karibu yangu. Kwa tone la 15 maji yakageuka.

Kisima kile kimechimbwa ndani ya mwamba wa tumbawe, kama visima vyote vya Mji wa Kale. Maji ya mvua yanaposhuka ardhini hubeba kaboni dayoksaidi ya udongo, yanakuwa na asidi kidogo, na asidi hiyo inaliyeyusha tumbawe njiani. Kwa hiyo Mzee hakukosea kusema kwamba tumbawe ndilo linalomlisha KH. Ila linafanya hivyo chini ya nyumba, kabla maji hayajafika kwenye tangi.

Tulihesabu pamoja. Feni ikipunguza lita 2 kwa siku kwenye tangi la lita 200, na lita hizo zikarudishwa kwa maji yenye KH ya 15, tangi linaongezewa karibu digrii moja kila wiki. Bila bafa, bila mtu kujua. Kilichokuwa kinaliwa kwenye tangi la Mzee kilikuwa kinarudishwa na ndoo.

Maji hayo yana gharama yake pia. Chumvi ya kisima haivukizi, kwa hiyo uchumvi wa tangi unapanda polepole na Mzee hulazimika kuurekebisha. Na visima vyetu viko karibu mno na mashimo ya vyoo. Nilipopima nitrati ya maji yale, haikuwa sifuri. Mzee aliitazama rangi ya kichupa kwa muda, akasema, "Basi hata hiyo nitrati ya tangi langu nilikuwa nawasingizia samaki."

Nilitoka pale na kitu kikubwa zaidi ya nilichokitafuta. KH inashuka kwenye matangi yote mawili. Tofauti ni kwamba langu halina anayelifidia. Kwa hiyo swali halikuwa tena kwa nini tangi langu lina kasoro. Lilikuwa lilelile la usiku wa kwanza: nani anaila?

Hesabu ya asidi

Jibu lilikuwa ndani ya ile kazi niliyokuwa naisubiri ikamilike.

Amonia inapogeuzwa kuwa nitriti, bakteria huacha asidi ndani ya maji. Si kwa bahati mbaya, ndivyo mmenyuko wenyewe ulivyo: kila chembe ya amonia niliyoiweka kama chumvi, ikigeuka mpaka kuwa nitrati, huacha chembe mbili za asidi. Asidi hiyo lazima ikabiliwe na kitu, na kitu hicho ni bikaboneti, ndiyo KH. Kwa kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa, KH yenye thamani ya miligramu 7.14 za kalsiamu kaboneti huondoka. Digrii moja ya KH ni miligramu 17.86. Kwa hiyo miligramu mbili na nusu za naitrojeni zinakula digrii nzima.

Mlo wangu mmoja wa miligramu 2 za amonia una naitrojeni ya miligramu 1.65. Ukizidisha, unapata theluthi mbili ya digrii. Milo mitatu, digrii mbili.

Saba kutoa mbili ni tano.

Nilipoandika namba hizo zikakaa sawa, nilifurahi, kisha nikajizuia. Hesabu inayolingana na ulichokiona inaridhisha moyo haraka sana. Mawe yangeweza kuwa yanagandisha kaboneti kwa kiasi kilekile, na mimi nikabaki naamini hadithi ya bakteria kwa sababu ni nzuri.

Kulikuwa na njia moja ya kuzitenganisha. Mawe hayajui kama nimelisha au sijalisha. Bakteria wanajua.

Nilipoacha kulisha

Niliacha kuweka amonia kwa wiki nzima. Nilikuwa na hofu kidogo kwamba nawaua niliowangoja muda wote huo, lakini bakteria hawa hustahimili njaa ya muda kama huo bila kupotea. Nikaongeza pia ukali wa kipimo: badala ya mililita 5 za maji nikatumia 10, ili kila tone liwe nusu ya digrii. Ni jambo dogo linaloweza kufanywa na yeyote mwenye kipimo cha matone, na linakuonyesha mabadiliko ambayo vinginevyo hujificha kati ya tone na tone.

Wiki ile KH haikusogea.

Nikarudisha mlo wa amonia. Asubuhi iliyofuata amonia ilikuwa sifuri, nitriti sifuri, na KH imeshuka tone moja la nusu digrii. Nikalisha tena. Ikashuka tena. Mawe yalikuwa yaleyale, mchanga uleule, feni ileile.

Amonia, nitriti na nitrati zilinionyesha nani ameingia na nani ametoka. KH ndiyo daftari la dukani: kila kilichochukuliwa kimeandikwa mle, na mimi nilikuwa nimeliona deni kabla ya kujua bidhaa imekwenda wapi. Nilikuwa nimeitazama namba inayoshuka kama ugonjwa wa maji. Kumbe ni alama ya kwamba mawe mafu yamepata wakaazi, na wakaazi wanafanya kazi.

Walioko kwenye kokoto

Wakaazi hao wana historia ninayoipenda. Karibu na mwaka 1890, Sergei Winogradsky aliwatenga kwa mara ya kwanza viumbe wanaoishi kwa kuchoma amonia na nitriti badala ya kula vitu vilivyooza, wakijijengea miili kwa kaboni ya hewani. Kwa zaidi ya miaka mia moja vitabu vikafundisha kwamba kazi ya amonia ni ya bakteria.

Kisha mwaka 2005 watafiti wakatangaza kiumbe kingine kinachofanya kazi hiyohiyo, ambacho si bakteria kabisa bali ni akea, ukoo mwingine wa uhai. Kikaitwa Nitrosopumilus maritimus. Jamaa zake ni miongoni mwa viumbe waliojaa zaidi baharini. Na hawakukitoa kwenye kina cha Pasifiki kwa meli ya utafiti. Walikitenga kutoka kwenye kokoto za tangi la maji ya chumvi ya kitropiki, katika Seattle Aquarium.

Mmoja wa viumbe wanaoendesha naitrojeni ya bahari za dunia alijulikana kwanza kwenye changarawe za tangi la samaki. Tangu nilijue hilo, kikombe cha mchanga alichonipa Mzee sikitazami tena kama kianzio tu. Ndani yake huenda mna ukoo huohuo, umetoka kwenye mwamba wetu zamani, ukaishi kwa Mzee, na sasa uko kwangu.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kuandaa maji ni kazi ya kuchosha inayotangulia ufugaji wenyewe. Ufugaji ulikuwa umeshaanza. Nilikuwa nafuga wasioonekana, na KH ilikuwa chakula chao na kinga yao. Ikipungua sana na pH kushuka karibu na 7, wao ndio wa kwanza kulegea, na amonia itaanza kurundikana upya kwenye tangi ambalo ulidhani limekomaa.

Kurudisha kilicholiwa

Nilipojua nani anaila, kurudisha hakukuwa na wasiwasi tena. Amonia ikiwa sifuri, nilitumia bikaboneti ya soda safi, ile ya kuokea isiyochanganywa na kitu. Gramu 6 kwenye lita 200 hupandisha digrii moja. Niliiyeyusha kwanza kwenye maji yaliyochujwa, nikaimimina mbele ya pampu, gramu 6 leo na gramu 6 siku nyingine, kamwe si pamoja na kitu chochote cha kalsiamu. Ukizikutanisha hizo mbili kwa nguvu utaona maji yakiwa meupe kama tui, na kila ulichokiweka kitaishia chini kikiwa chokaa.

pH niliiacha. Usiku madirisha yakifungwa na watu wamelala inashuka kwa sababu ya kaboni dayoksaidi ya pumzi zetu. Asubuhi madirisha yakifunguliwa inapanda. Hilo si deni la KH, na bafa hailiponyi.

Maji ya kisima, hata baada ya yote niliyoyaona, sikuyachukua. Yangenipa KH bila kuomba, lakini pia yangenipa nitrati na chumvi nisizozihitaji, na nisingejua tena kinacholiwa ni kiasi gani. Mzee naye ameamua kuchanganya: ndoo ya kisima, ndoo ya maji yaliyochujwa. Amenunua kipimo chake.

Sasa kuna samaki wawili ndani, wale wadogo wa rangi ya chungwa hafifu wenye mstari mweupe mgongoni, wanaoishi na anemoni kwenye mwamba wetu. Nimeacha kloridi ya amonia. Chakula chao kinatosha. Na chakula kina hesabu tofauti, kwa sababu protini inapooza hurudisha nusu ya kile ambacho bakteria watakuja kukila. Gramu moja ya chakula kikavu, karibu nusu yake protini, ina naitrojeni ya takriban miligramu 70. Kwenye lita 200, ikigeuzwa yote kuwa nitrati, inakula chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya digrii kwa siku. Kwa wiki ni nusu digrii. Kiasi fulani kitabaki kwenye miili ya samaki na kingine kitatolewa na skima, kwa hiyo natarajia pungufu ya hapo.

Nimeandika kwenye ukurasa wa wiki ijayo: KH 7, ikishuka isizidi tone moja. Ikizidi, kuna mlaji mwingine humo ambaye sijamjua, na nitamtafuta.